Inatosha, Lakini Mpaka Lini?

Mpwa wangu alinitumia picha ya kibandiko. Kompyuta yenyewe hakuipiga picha. Alipiga kile kibandiko tu kinachokaa pembeni ya kibodi: prosesa Celeron, RAM (memori ya kazi) GB 4, hifadhi ya eMMC GB 64, kioo inchi 11.6. Chini yake akaandika, "Mjomba, hii itanifaa?"

Nikaandika ndiyo, nikafuta. Nikaandika hapana, nikafuta tena. Mwishowe nikamwambia, "Nipe muda kidogo mama, nitakujibu."

Muda kidogo ukawa wiki, na wiki zikazaana.

Swali lilikuwa jepesi, na la namna hiyo huulizwa kila mara. Kilichonikwaza ni kwamba mimi ni mpenzi wa netibuku, yaani kompyuta pakato ndogo za bei ya chini. Sehemu kubwa ya makala za blogu hii nimeziandika kwenye hizo, nikiwa nimezipakata mahali ambapo kompyuta kubwa isingekaa. Nazipenda, na nimeshazika kadhaa. Mpenzi akiulizwa sifa za mpenzi wake, maneno yake yapokelewe kwa tahadhari.

Tena mpwa wangu hanunui kompyuta ya pili, ya kubebea safarini. Ananunua moja, ya kwanza, ya kufanyia kila kitu.

Udhaifu wenye mkataba

Watu wengi wanaamini netibuku ni dhaifu kwa sababu ni rahisi: umelipa kidogo, umepata kidogo, yameisha. Nami niliamini hivyo zamani. Siku hizi naona hiyo ni nusu ya habari.

Chukua Eee PC 701 ya Asus, iliyoingia sokoni Oktoba 2007 na kuwasha moto wote huu. Kioo inchi 7. RAM MB 512. Hifadhi GB 4. Prosesa ya Celeron iliyotajwa kuwa ya MHz 900, lakini ndani ikiendeshwa kwa MHz 630. Hata kwa mwaka ule, sifa hizo zilichekesha. Lakini mashine ilikuwa inawaka upesi na kufanya ilichoahidi, kwa sababu Asus waliiwekea mfumo endeshi wa Linux uliopunguzwa, Xandros, yenye vitufe vikubwa vya kubofya na mambo machache nyuma yake. Mwili na mzigo vilikuwa vimepimana.

Kisha wanunuzi wakataka Windows. Vista, Windows ya wakati ule, ilikuwa nzito mno kwa mwili ule, hivyo mwaka 2008 Microsoft ikairefushia maisha Windows XP Home kwa ajili ya kompyuta ndogo za bei ya chini tu. Ikaweka masharti: RAM isizidi GB 1, kioo kisivuke kipimo fulani, diski nayo hivyohivyo. Mtengenezaji aliyetaka leseni ya bei nafuu alilazimika kukubali mashine yake ibaki ndogo.

Ndiyo maana netibuku za miaka ile zilifanana kama pacha. Acer, MSI, Dell, Samsung: prosesa ya Intel Atom ileile, RAM GB 1 ileile, kioo kilekile cha nukta 1024 kwa 600. Ilipokuja Windows 7 mwaka 2009, netibuku zikapewa toleo lake, Starter. Mwanzoni lilipangwa liruhusu programu tatu tu kwa wakati mmoja. Sharti hilo likaondolewa kabla ya toleo kutoka, lakini likabaki jingine la ajabu: mwenye kompyuta hakuruhusiwa kubadilisha picha ya mandharinyuma.

Kompyuta yako, picha yao.

Naileta historia hii kwa sababu imenifundisha kusoma kibandiko kwa jicho jingine. Udhaifu mwingine wa kompyuta ya bei ya chini unatokana na vipuri. Mwingine umewekwa makusudi, ili ndogo isije ikala soko la kubwa. Nikiona namba ndogo siku hizi, najiuliza kwanza ni udhaifu wa aina gani.

Kifuniko cha chini

Netibuku yangu ya kwanza ilikuwa na Atom N270 na kifuniko kidogo tumboni, kimeshikwa na skrubu. Unafungua kwa bisibisi ya kawaida, unakuta kijiti cha RAM kimelala. Nikakitoa kile cha GB 1, nikaweka cha GB 2. Masharti ya leseni yalimfunga mtengenezaji, hayakunifunga mimi. Baadaye nikatoa na diski ya kuzunguka, nikaweka SSD, isiyo na kitu kinachozunguka.

Prosesa ilibaki ileile, na ilikuwa prosesa ya kuonea huruma: kiini kimoja, GHz 1.6, ikifuata maagizo kwa foleni kama yalivyokuja. Agizo la mbele likikwama kusubiri data, ya nyuma yote yanasubiri nalo, hata yale yaliyo tayari. Lakini baada ya kubadilisha RAM na diski nikagundua kwamba muda mwingi niliokuwa nasubiri haukuwa wa prosesa hata kidogo. Ulikuwa wa diski. Ule mkwaruzo wa ndani kila ninapofungua programu ulikoma, na mashine ikawa mpya mikononi mwangu.

Kioo ndicho sikuweza kukibadilisha. Nukta 600 kwenda chini ni kidogo kuliko unavyofikiri. Unafungua dirisha la mipangilio, unabadilisha unachotaka, unatafuta kitufe cha "Sawa" hukioni. Kipo, ila kimezama chini ya ukingo wa kioo. Kwenye Linux unashika Alt, unaliburuta dirisha lote kwenda juu mpaka kichwa chake kipotee na miguu yake ionekane. Kwenye Windows nilikuwa nabonyeza Tab kwa kukisia, moja, mbili, tatu, halafu Enter kwa imani. Mara nyingine imani iliniangukia kwenye "Ghairi".

Hata leo dirisha likiwa refu, mkono wangu wa kushoto unaitafuta Alt wenyewe.

Na kibodi! Kwenye Eee PC za mwanzo, Shift ya kulia ilisukumwa mpaka ng'ambo ya mshale wa juu. Anayeandika kwa vidole vyote alikuwa akitaka herufi kubwa, anajikuta mstari wa juu, neno linaendelea katikati ya sentensi nyingine. Aliyeweka kitufe pale sidhani kama aliwahi kuandika barua ndefu.

Kipya kinyemi

Ili nimjibu mpwa wangu kwa haki, niliazima kwa mfanyakazi mwenzangu kompyuta ya aina ileile iliyokuwa kwenye kibandiko. Celeron N4020, viini viwili, kioo cha nukta 1366 kwa 768, haina feni. Siku ya kwanza nilifurahi. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Ukilinganisha na Atom yangu, hii ilikuwa inaruka: video za ubora wa juu bila kukatika, ukurasa unafunguka kabla sijaondoa kidole. Nyembamba, na kimya kabisa.

Kisha nikaomba ruhusa niifungue.

Skrubu mbili zilikuwa zimefichwa chini ya miguu ya mpira. Ukizitafuta hivihivi huzioni. Ndani, zaidi ya nusu ya nafasi ni betri. Ubao mama umejikunja kwenye kona, mdogo kuliko wa kompyuta yoyote niliyowahi kuifungua. Nikatafuta kijiti cha RAM. Hakuna. RAM ni vipande vyeusi vilivyolehemiwa ubaoni. Nikatafuta diski. Hakuna. Hifadhi yote ya GB 64 ni kipande kimoja bapa, hakizidi ukucha wa kidole gumba, nacho kimelehemiwa.

Nikarudisha skrubu. Kulikuwa hakuna cha kufanya humo ndani.

eMMC si kitu kibaya chenyewe. Ni ndugu wa kadi za memori za simu na kamera. Inasoma au inaandika, haifanyi yote mawili kwa wakati mmoja, na kwa kasi inapitwa mbali na SSD nzuri, lakini kwa kufungua waraka na kuhifadhi waraka inatosha. Shida inaanza RAM inapojaa.

Na kwenye mashine hii RAM hujaa mapema. Hebu angalia: kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakitaka ni RAM GB 4 na hifadhi GB 64. Rudi kwenye kibandiko cha mpwa wangu. Namba kwa namba! Kompyuta inauzwa ikiwa tayari imegusa sakafu. Mfumo wenyewe ukishakaa, antivirusi ikishakaa, kinachobaki kwa ajili yako ni makombo, na kivinjari cha siku hizi kinatenga kurasa zake, kila tovuti kwenye chumba chake cha memori, kwa usalama. Usalama huo una gharama.

RAM ikiisha, mfumo unaanza kuhamishia vitu kwenye hifadhi. Hapo ndipo unapoiona netibuku ya bei ya chini ilivyo. Mshale wa kipanya unatembea, lakini ukibofya hakuna kinachotokea. Unaandika sentensi nzima, kioo kimetulia tuli. Unainua mikono kutoka kwenye kibodi, ndipo herufi zinapokuja kwa mkumbo, na mbili katikati zimepotea. Unabofya tena kwa sababu umedhani bofyo la kwanza halikushika. Lilishika. Sasa umefungua madirisha mawili.

Hayo yanaudhi, ila yanavumilika. Lililonikosesha usingizi ni jingine. Seli za hifadhi ya aina hii huchakaa kwa kuandikiwa. RAM ndogo ina maana mfumo unaandika na kufuta hapo mchana kutwa, vitu ambavyo vingekaa kwenye RAM kama ingekuwepo. Kwa hiyo upungufu wa RAM, ambayo huwezi kuiongeza, unakula hifadhi, ambayo huwezi kuibadilisha. Siku hifadhi ikifa, mara nyingi ubao mama wote unahesabiwa umekufa nayo, hata kama prosesa ni nzima, kioo ni kizima na betri ni nzima.

Nafasi yenyewe nayo ni hadithi. GB 64 za kwenye sanduku, Windows inazihesabu kuwa chini ya 60. Toa mfumo. Toa sehemu ya kurejeshea. Tangu mwaka 2019, kwenye kompyuta mpya Windows inajitengea pia karibu GB 7 za kufanyia masasisho, na ilikuwa na sababu: mashine za GB 32 zilizouzwa kwa wingi miaka iliyotangulia zilikuwa zinafika wakati wa sasisho kubwa, zinakosa pa kulishushia, na kubaki zimekwama kwenye toleo la zamani huku mwenyewe akifuta picha zake moja moja.

Hifadhi ya mkopo hiyo.

Jibu lililokaribia kutumwa

Hapo nilikuwa nina jibu. Nilishaliandika hata kichwani: mama, usinunue kitu kisichofunguka; tafuta hata ya zamani, mradi ina kifuniko na skrubu. Ungeweza kunipa jukwaa nihutubie. Zamani tulikuwa na milango, sasa tumepewa masanduku.

Kisha nikaitoa ile netibuku yangu ya Atom kabatini, ili nipige picha ya kifuniko chake kwa ajili ya makala hii.

Iliwaka. SSD haina hata kosa moja, RAM GB 2 zipo. Betri imechoka lakini kwa chaja inakwenda. Nikasema niisasishe. Ikakataa, na haikukataa kwa sababu ya kipuri.

N270 ni prosesa ya biti 32, aina ya zamani. Google iliacha kutoa Chrome kwa Linux ya biti 32 mwaka 2016. Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, nao wakaacha kutengeneza diski za kusimikia za aina hiyo. Debian, aina nyingine, ilivumilia kuliko wengi, lakini toleo la 13, lililotoka Agosti 2025, halisimikiki tena kwenye kompyuta za namna ile. Na zile GB 2 ndizo kikomo cha chipseti yake, chipu inayounganisha prosesa na RAM. Ningekuwa na kijiti kikubwa zaidi mkononi kisingenisaidia.

Nikafungua kivinjari kilichomo humo, cha zamani, nikajaribu gazeti moja. Ukurasa ulijikongoja, matangazo yakaja kwanza, maandishi hayakuja.

Mlango nilikuwa nao. Bisibisi nilikuwa nayo. Na bado ilikufa, au tuseme ilikufa upande mmoja. Maana nilipofunga kivinjari na kufungua kihariri cha maandishi, kompyuta ileile ilikuwa nyepesi kama siku niliyoinunua. Nakala zangu za zamani zote zilifunguka. Nikaandika aya mbili za makala hii humo, bila kusubiri herufi hata moja.

Basi hotuba yangu ya milango ikapungua sauti. Mlango unakupa miaka. Haukupi miaka yote. Kinachozeesha kompyuta hizi hasa ni kunenepa kwa mambo yanayotoka nje: kurasa, mifumo, mikutano ya video. Kazi inayoanzia na kuishia ndani ya mashine haizeeki kwa kasi hiyo. Waraka ni waraka. Hesabu za jedwali ni zilezile.

Na ukiitazama hivyo, swali "kompyuta hii ni nzuri?" linakosa mahali pa kukaa.

Tusiibeze

Mwaka 2010, Steve Jobs alipoitambulisha iPad, alisema tatizo la netibuku ni kwamba hakuna kitu hata kimoja inachokifanya vizuri zaidi. Ukumbi ulicheka. Miaka mitatu baadaye Asus na Acer walikuwa wameshaacha kuzitengeneza, hivyo kibiashara alishinda. Lakini siku ileile Apple ilionyesha pia kibodi cha kusimamishia iPad. Kumbe kuna jambo moja.

Kibodi halisi, kilichoungana na kioo kinachosimama chenyewe, kwa uzito wa kilo moja au pungufu, ni kitu kikubwa kwa mtu anayeandika. Eee PC ya kwanza ilikuwa na takribani gramu 920. Unaitia mkobani pamoja na daftari na unasahau kwamba imo.

Kimya nacho nakihesabu. Prosesa za aina ya N4020 au N100 zimepangiwa wati 6 hivi za joto, ndiyo maana nyingi zinaishi bila feni. Hakuna mvumo, hakuna vumbi linalovutwa ndani, hakuna kipuri kinachozunguka na kuchakaa. Gharama yake ni kwamba ukiibana kwa kazi nzito muda mrefu, inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue.

Betri ni hesabu tu. Betri ya watisaa 36 ni ndogo, lakini mashine ikila wati 5 katika kazi nyepesi, hizo ni saa 7 na ushei. Ikila wati 9 kwenye mkutano wa video, zimebaki 4. Matangazo hukupa hesabu ya kwanza.

Na kuna faida isiyoandikwa kwenye kibandiko chochote: huiogopi. Kompyuta ya gharama unailinda. Unachagua pa kukaa, pa kuiacha, nani aiguse. Netibuku unaitoa popote, unamwachia mtoto aandike jina lake, unaifungua kwenye benchi. Mimi nimeandika zaidi kwenye mashine nisiyoiogopa kuliko kwenye ile niliyoitamani kwa miaka. Wengine watasema ni uvivu wa kompyuta ndogo kufungua mambo mengi ndio ulionituliza niandike. Labda. Ila sipendi sana hoja hiyo. Anayeisema huwa ana kompyuta nyingine nyumbani.

Maswali niliyomrudishia

Nikampigia mpwa wangu. Sikumwambia ndiyo wala hapana.

"Ukiwa unafanya kazi, unafungua nini na nini kwa pamoja?"

Akacheka. "Mjomba, kila kitu."

"Nitajie."

Masomo ya video, akasema. Waraka wa pamoja anaouandika na wenzake mtandaoni. Kikundi cha ujumbe kwenye dirisha jingine. Jioni mkutano wa video, kamera ikiwa imewashwa kwa sababu mwalimu anataka kuwaona, na hapohapo aonyeshe kioo chake.

Hapo ndipo nilipopata jibu, na halikutoka kwangu. Kazi zake zote zinatoka nje. Hakuna hata moja inayoishia ndani ya mashine. Kamera, video ya wenzake, waraka wa mtandaoni na kioo kinachoonyeshwa, vyote kwa wakati mmoja kwenye RAM GB 4, ni kuitafutia kompyuta kesi.

"Hiyo ya kwenye picha iache," nikamwambia. "Kama unataka ndogo mpya, tafuta yenye RAM GB 8, na hifadhi iwe SSD inayochomoka, hata ikiwa ndogo."

"Na kama inafanana kabisa na hii?"

Zinafanana, na hapo ndipo pa kuangalia. Mwili uleule wa plastiki, rangi ileile, unaweza kuwa na N4020 ya mwaka 2019 yenye viini viwili, au N100 ya mwaka 2023 yenye viini vinne. Tofauti yake kwa macho ni herufi na tarakimu chache. Ya pili inaweza pia kufungua video za AV1, namna mpya ya kubana video, kwa vifaa vyake yenyewe, ya kwanza haiwezi. Kwenye hiyo ya kwanza viini vya prosesa vinabeba mzigo wote na betri inalipa. Muuzaji akikuambia "zote ni Intel, zote mpya", hajadanganya.

Akaniuliza kuhusu kompyuta za ofisini zilizotumika, maana rafiki yake anayo. Hilo ni shauri zuri, nikamwambia, ingawa ni nzito na betri huwa imekwisha nguvu. Nyingi zina nafasi za RAM na diski inayotoka. Ila Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka prosesa za kizazi cha nane kuendelea. Chini ya hapo, ujue unanunua mashine ya Linux, na hilo si tusi.

Chromebook, kompyuta pakato yenye mfumo wa Google, sikuimalizia. Kwa kazi zake za mtandaoni ingemfaa, na kwa RAM ileile inajimudu kuliko Windows. Lakini mtu asidanganyike na ile miaka 10 ya masasisho iliyotangazwa mwaka 2023. Inahesabiwa tangu jukwaa la mashine hiyo lilipotolewa, haihesabiwi tangu siku ulipolipa. Iliyokaa dukani au mikononi mwa mtu imeshakula sehemu ya miaka hiyo.

Kwa aliyekwisha kuinunua

Najua baadhi yenu mnasoma haya kwenye mashine hiyohiyo niliyomkataza mpwa wangu. Mfanyakazi mwenzangu mmoja wao, na aliponirudishia swali lile, "sasa mimi nifanye nini?", sikuweza kumwambia aitupe.

Tuliiwekea Debian yenye Xfce, mwonekano mwepesi wa Linux. Kisha tukawasha zram, ambayo hubana sehemu ya RAM badala ya kukimbilia kuandika kwenye eMMC. Prosesa inafanya kazi kidogo zaidi, hifadhi inapumua. Kwa mashine ya RAM GB 4 sijaona badiliko jingine la bure linalosaidia kiasi hicho. Vichupo vya kivinjari bado vina kikomo, ila sasa ukikivuka mashine inapunguza mwendo tu, haigandi. Masomo yake ya kuandika programu anayafanya humo bila shida.

Na kama unataka kununua ndogo iliyotumika, kuna jambo moja la kulifanya kabla hujatoa hela, nalo wauzaji wengi hawalijui. Nenda na flashi yenye Linux inayowaka bila kusimikwa. Washa kompyuta kwa flashi hiyo, fungua dirisha la amri, andika:

cat /sys/block/mmcblk0/device/life_time

(Ikikuambia faili halipo, jaribu mmcblk1.) Utapewa namba mbili. Ni makadirio ya eMMC yenyewe kuhusu ilivyochakaa. 0x01 ni kwamba imetumia asilimia 10 au pungufu ya umri wake, 0x02 ni kati ya 10 na 20, na inakwenda hivyo mpaka 0x0A, yaani 90 hadi 100. 0x0B maana yake imepita umri uliokadiriwa na inaendelea kwa bahati. 0x00 ni kwamba mtengenezaji hakuweka taarifa.

Mimi yenye 0x04 na kuendelea siichukui, hata mwili wake ukiwa unang'aa na nailoni haijatolewa kwenye kioo.